Muziki Usiomngoja Mtu

Nilipoachana na bendi yetu ya roki hapa Kasongo, wenzangu walinikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Niliwajibu kwamba chawa ni wao. Ndivyo nilivyo: ulimi hutangulia, akili hufuata nyuma ikichechemea. Baada ya kusema hivyo sikuwa na pa kurudi. Nikaapa nitatoa albamu peke yangu, kila chombo nikipiga mwenyewe.

Kazi ikanijia kutoka Kabambare. Mama mmoja wa huko, mwalimu wa ngoma aliyepita miaka sitini, alikuwa anatunga mchezo wa kucheza bila maneno, yeye na wanawake wanane, juu ya shamba la mpunga tangu kufyeka hadi kuvuna. Alinisikia nikipiga gitaa la umeme kwenye arusi, akaitaka sauti ile. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Muziki wa mchezo huo ndio ungekuwa albamu yangu.

Nilijifungia chumbani miezi miwili na betri ya sola na kompyuta iliyozimika ovyo. Zikatoka nyimbo saba. Gitaa lilinguruma nilivyotaka, na ngoma niliiachia mashine, ambayo haikosei hata kidogo. Nilijiona kidume. Nikapanda pikipiki hadi Kabambare, nikafika na tope hadi masikioni, nikawawekea wasikie.

Walicheza dakika chache, wakasimama wote. Yule mama akafuta jasho.

“Mutoto wangu, muziki yako iko muzuri, lakini inaenda yenyewe. Haingoje mutu.”

Nilifura, nikabisha. Akanieleza kwa subira ambayo sikuistahili. Kwao mpiga ngoma haangalii ngoma yake, anaangalia miguu ya mchezaji. Mchezaji akikawia, ngoma hukawia. Mwanamke akipiga vigelegele, mchezaji humrudia na kuzicheza upya hatua zile mbele yake, ndiyo salamu yake, na ngoma husubiri salamu iishe. Mambo hayo nimeyaona arusini tangu nikiwa mdogo, na bado niliyasahau. Aibu iliniuma kuliko barabara ya Kabambare.

Nilifuta nyimbo zote saba. Nikakaa kwao wiki mbili, safari hii nikianza kwa kurekodi miguu yao, mitupu, juu ya udongo uliofagiliwa. Gitaa nililiweka baadaye, juu ya hatua zao. Walipokawia, nilikawia. Albamu ikawa bora kuliko ile ya kwanza, nasema bila haya.

Mchezo ulifanyika alasiri moja katika ukumbi wa shule hapa Kasongo. Wenzangu wa zamani walikaa mbele kabisa, mikono wameikunja kifuani. Mimi nilisimama kando ya spika, gitaa begani, maana nyimbo zilitoka kwenye rekodi, ila ule wa mwisho nilipanga kuupiga mwenyewe.

Tukafika wimbo wa tano, wa mavuno. Mwanamke mmoja kati ya watazamaji wa nyuma akapiga vigelegele, na mama akamrudia. Akapiga mwingine upande wa pili, mama akageuka tena. Rekodi yangu ilikuwa na miguu yake, kweli, lakini ya mwezi uliopita. Ikamwacha. Wachezaji wanne wakaifuata spika, wanne wakamfuata yeye, wakaanza kugongana. Mama akanitazama.

Nilijua nikiizima rekodi, wenzangu watatangaza mji mzima kwamba albamu imenishinda. Roho iliniuma sana. Nikaizima.

Nikapiga gitaa, macho kwenye miguu yake, hadi mpunga wote ukavunwa. Nilikosea mara nyingi. Wenzangu walikuwa na sura gani sijui, sikupata nafasi ya kuwaangalia.

Watu walipotoka, mama alikuja akihema, akaketi juu ya spika. Nilimwambia kwa uchungu kwamba basi, albamu haina kazi tena, nitaitupa. Akatikisa kichwa.

“Usiitupe. Uwatunzie wale wenye hawatatuona. Sisi tutakufa, mutoto wangu.”

Albamu nimeitoa. Katika wimbo wa tano nimeliondoa gitaa, nikaacha miguu yake peke yake.