Gauni Nililomshonea Madamu

Jumamosi moja huko Johannesburg nilikuwa nafukua nguo kwenye duka la kanisa linalouza mitumba ya msaada, natafuta sweta la shule la mwanangu. Nikakuta gauni la kitenge nililomshonea madamu niliyekuwa namfanyia kazi za ndani, zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa ameniapia kwamba alilivaa kwenye sherehe na wageni wote wakalisifu. Muongo mkubwa! Mifuko ilikuwa bado imefungwa kwa ule uzi mweupe wa kushikizia, ambao sisi mafundi humwachia mwenye nguo aufumue siku ya kwanza kuivaa. Nikalinunua. Jumatatu nikalivaa kwenda kumpigia deki.

Akanitazama, akatabasamu. “Limekupendeza! Umelinunua wapi?”