Mzee wa Suma na Dawa ya Kusafisha Utumbo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kamera ya utumbo, hapa Tukuyu, nilinawa mikono mpaka Sista Mkuu akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ngozi utaihitaji kesho." Ndivyo nilivyo. Kazi ya kuosha na kupanga vifaa nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na kila siku niliogopa kwamba nimesahau kitu. Mkataba wangu umekwisha sasa, nami nawaandikia ninyi mtakaoshika nafasi ile.

Kipimo chenyewe ni bomba jembamba lenye kamera, linaloingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Hutafuta vinyama vilivyoota ndani ya utumbo mpana, maana vingine vikiachwa miaka hugeuka saratani. Utumbo ukiwa na chakula, kamera haioni kitu. Kwa hiyo mgonjwa haruhusiwi kula, na hunywa dawa ya kuharisha hadi atoe maji matupu.

Mzee mmoja wa Suma, aliyekuwa akitoa damu chooni kwa miezi, alifika ameshiba ndizi na maharage. Nilitaka arudishwe, kama utaratibu unavyosema. Daktari bingwa akatoka kumtafuta mke wa mwana wa yule mzee, ambaye ndiye aliyepewa maelekezo kliniki. Alikuwa amejibanza nyuma ya jengo, kanga usoni, baba mkwe asimwone.

"Mama, hukumwambia asile?"

"Jamani daktari! Nimweleze baba mkwe habari za choo? Mimi?"

Kwa Wanyakyusa wa rika la yule mzee, mkwe hata kumtazama baba mkwe usoni ni mwiko. Daktari hakufoka. "Akiondoka leo hatumwoni tena," alituambia. Akamlaza wodini, kisha akamwomba mlinzi wetu, mzee mwenzake, akae naye wakati wa dawa.

"Kunywa, bwana!" mlinzi alimhimiza. "Unaogopa maji ya chumvi?"

"Ungeyanywa wewe, saa hizi ungekuwa umekimbilia Kyimo!"

Kesho yake kamera ilikuta kinyama chenye kikonyo. Daktari alikikata kwa kitanzi cha waya, mkono umetulia kabisa; mimi nilishika chupa ya sampuli kwa mikono miwili. Maabara ikajibu: kimeanza kubadilika, lakini bado si saratani.

"Ndaga, mwanangu," mzee alimshukuru daktari. "Na wanangu je?"

"Nao waje. Ugonjwa huu huweza kufuata ukoo."

Wanaojua kushika kamera nimewaona. Daktari huyu alijua pia nani anaweza kumwambia nani, na hilo sikulikuta katika vitabu vyangu.

Mzee alirudi na wanawe wawili. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa akiwaelekeza mwenyewe, benchi zima likisikia: "Msile kitu! Mwende chooni mpaka yatoke maji matupu, halafu mniite nione!"