Imepitiwa Na

Jumamosi asubuhi shemeji aliweka laptopu mezani, akaigeuza skrini inielekee, akaniambia, "Pitia hii." Kisha akatoka, akavuta grili ya chuma ya mlangoni, akatia kufuli kwa nje, na ufunguo akautumbukiza mfukoni.

Hakukuwa na jambo geni katika hayo. Kibanda chetu cha kutengeneza kompyuta kiko ghorofa ya pili katikati ya mji, katika mojawapo ya majengo yaliyokatwakatwa vyumba hadi ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kwenye korido yetu mafundi wameshaibiwa simu za wateja, kwa hiyo shemeji akienda kwa mteja hunifungia ndani pamoja na mali. Anasema ni kwa usalama wangu. Mimi ni mtu wa aibu, sijawahi kumwuliza.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu. Nilipomaliza darasa la nane na shule ikaishia hapo, dada alinichukua nikae nao mtaa wa Kabiria, na mpaka leo nalala upande wa pili wa pazia. Mwenye nyumba ninamolala ni shemeji, mwenye kibanda ni shemeji, na kazi ninayoijua nilifundishwa na yeye. Ukikosana na mtu kama huyo huna pa kumshtakia, maana kila mlango utakaobisha, atakayefungua ni yeye.

Alikuwa ametengeneza kifaa. Ni kisanduku cha kutosha kiganjani. Upande mmoja kina waya wa kuingia kwenye kompyuta, upande mwingine nyaya nyembamba za kushikiza kwenye bodi ya mashine iliyokufa. Kazi yake ni kuiuliza bodi inaumwa wapi. Lakini kompyuta na kisanduku haviongei hivihivi. Katikati lazima kuwe na programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa la mmoja linawashika wote. Programu hiyo inaitwa draiva. Dada aliposikia neno hilo mara ya kwanza alidhani mumewe ameajiri dereva.

Kulikuwa na mteja wa Lavington anayetengeneza mita za maji. Alivitaka visanduku, lakini kwa sharti moja: draiva isomwe na mtu mwingine, si aliyeiandika, na jina la msomaji lionekane juu kabisa ya faili. Ndiyo desturi ya watu wanaoandika programu za kiini. Ukiweka jina lako pale unasema, nimesoma, ikiharibika na mimi niulizwe. Mteja alitaka faili ifike kwake Jumatatu. Akikubali, shemeji alimwahidi dada, tungehamia Kinoo, nyumba ya vyumba viwili, na mimi ningekuwa na mlango badala ya pazia.

Kwa hiyo mstari wa juu ulikuwa tayari: *Imepitiwa na*, nukta mbili, halafu pengo. Pengo lile lilikuwa langu.

Mimi husoma polepole. Hata barua pepe fupi naisoma kidole kikiwa chini ya neno. Kiingereza cha vitabu kinanishinda, lakini Kiingereza cha programu ni kidogo. Maneno ni yaleyale yanarudi, kama mtu anayekuelekeza njia: ikiwa hivi, fanya vile, la sivyo rudi. Shemeji alinifundisha hivyo, akikaa kando yangu na kuniuliza, "Huyu hapa anafanya nini? Na huyu?" Kila mstari kwake ni mtu. Yale maelezo marefu ya Kiingereza yanayoandikwa katikati ya mistari huwa nayaruka, siyaelewi vizuri.

Nilisoma mpaka shingo ikauma. Kuna mahali nilidhani nimeona kosa, kumbe ni mimi niliyehesabu mabano vibaya. Kisha nikafika kwenye kipande kinachotuma swali kwa kisanduku. Mstari wa kwanza unafunga kufuli, ili mwingine asiingilie mazungumzo. Ni jambo zuri, ndivyo inavyotakiwa. Wa pili unatuma swali. Wa tatu unangoja jibu. Wa nne unafungua kufuli.

Nikarudi kwenye ule wa tatu. Unangoja mpaka lini? Nikautafuta mpaka wake, sikuuona. Kwenye ploti yetu Kabiria kuna mpangaji mwenye pikapu ambaye hupenda kuegesha gari langoni, halafu anapanda kwake kulala na ufunguo mfukoni. Hakuna anayetoka wala kuingia mpaka aamke. Nilimwona pale kwenye mstari wa tatu kabisa.

Sikutaka kumsingizia mtu kwa kudhani. Nilichomeka kisanduku, nikakiamuru kiisome bodi ya zamani tunayoitumia kwa majaribio, na kikiwa katikati ya kazi nikachomoa waya.

Kimya. Nikaurudisha waya, kompyuta haikuutambua. Nikachomoa kipanya na kukirudisha. Nacho hakikutambuliwa tena. Nikaifunga ile programu ya kusomea, ikakataa kufa. Nikaiamuru laptopu yenyewe izime, ikasema inazima, ikabaki inasema hivyohivyo. Kila kitu kilikuwa kinangoja kufuli moja lililoshikwa na mtu anayengoja jibu kutoka kwa kifaa ambacho hakipo.

Nikampigia shemeji simu. Haikushikwa. Alikuwa ameenda Kawangware kufuata maganda ya plastiki ya visanduku. Nikakaa. Joto lilikuwa limeanza kupanda kutoka kwenye vibanda vya chini, na mimi tangu asubuhi nilikuwa najizuia kwenda chooni.

Mama anayeuza wigi kibanda cha pili alipita na birika, akaniona.

"Niaje, mfungwa? Leo wamekupa miaka mingapi?"

"Anarudi saa hii, mama."

"Saa hii ya nani? Hiyo saa yake ikona betri kweli?" Akacheka, akamimina chai kikombeni, akajaribu kukipenyeza kati ya vyuma. Kikombe hakikupita. Akakigeuza upande, chai ikamwagikia kizingiti. "Hiki hakipiti. Ngoja." Akatafuta chupa ndogo ya maji, akaimwaga, akanitilia chai ndani yake, akaipitisha. Maandazi yalipita bila shida. Nilikunywa chai yenye ladha ya plastiki nikiwa nimeipa mgongo korido, kwa sababu watu wanaopita hutazama.

Shemeji aliporudi alikuwa na furaha, amebeba boksi begani. Nilimwacha akae kwanza. Kisha nikamwonyesha laptopu iliyokwama.

"Umechomoa waya," akasema.

"Nimechomoa."

"Nani alikutuma?"

Nilimwonyesha kwenye simu yangu mstari ule wa tatu, nilikuwa nimeunakili. Hata hakuinama kuutazama.

"Najua hiyo," akasema. "Niliiona mwezi jana. Hiyo ni ya mtu mjinga anatoa waya kazi ikiendelea. Wale watu wa mita ni mainjinia, shem, hawatoi waya ovyo ovyo. Tukishalipwa, tutaweka sawa. Andika jina."

Kwamba alijua, sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, na sasa hakukuwa na cha kueleza.

"Ikikwama kwao?" nikauliza.

"Watazima, watawasha."

"Haizimi."

"Watatoa betri." Akaichomoa ya laptopu, akairudisha, akaiwasha upya. "Wewe, nilikuambia uipinge? Nilikuambia upitie."

"Nimepitia."

"Basi pitisha. Shida iko wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba kupitia na kupitisha ni vitu viwili, na kwamba pale juu hapajaandikwa *imepitishwa*. Maneno yalinifika mdomoni yakakaa. Alisimama mlangoni, na mlango wenyewe ni upana wake. Niliwaza Kinoo, nikawaza ule mlango wangu. Nikavuta laptopu, nikaandika polepole kama kawaida yangu, herufi baada ya herufi, si jina. Niliandika: *Nimesoma. Ukichomoa waya katikati ya kazi, inakwama na haizimi.* Ndipo nikaweka jina chini ya hayo.

Alisoma juu ya bega langu. Nilingoja anigombeze. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alinisogeza kwa kiwiko, bila nguvu, akafuta yote niliyoandika, na kwenye pengo akaandika jina la dada yangu.

"Haya," akasema. "Wewe uko huru."

Njia nzima kurudi Kabiria hakuniongelesha, wala nyumbani. Chakula kililiwa. Dada alituangalia, mmoja kisha mwingine, akaacha.

Kesho yake baada ya kanisa shemeji alijilaza kitandani na gazeti. Dada alikuwa anachambua mboga kwenye karai, akaniita nimsaidie, na hapo ndipo nilipomwambia, kwa sauti ya chini, kwamba jina lake linaenda Lavington kesho.

"Langu? Mimi nimefanya nini?"

"Umeipitia draiva. Imeandikwa, imepitiwa na wewe."

Dada alikuwa mzuri wa Kiswahili shuleni, mwalimu alikuwa akimwambia asome insha zake mbele ya darasa. Aliacha mboga. "Kupitiwa," akasema. "Mwalimu wetu akisahau daftari alikuwa anasema, nimepitiwa, watoto. Mtu akisinzia, amepitiwa na usingizi. Sasa mimi ndio nimepitiwa ama ni hiyo kitu?"

"Hiyo kitu."

"Basi nisomee nilichopitia. Nisiulizwe nikae kama gunia."

Nilileta laptopu. Nilikaa kwenye stuli, yeye sakafuni na karai lake, nikaanza juu kabisa, kidole chini ya neno. Huyu anafanya hivi, huyu anafanya vile. Nilidhani angechoka. Alikuwa akinyofoa majani na kuniambia, "Enhe." Upande wa pili wa pazia gazeti lilikuwa halifunuliwi tena.

Nikafika kwenye ule mstari. Nikamwambia, hapa anafunga kufuli. Hapa anauliza. Hapa anangoja. Hapa anafungua.

"Na asipojibiwa?"

"Anangoja."

"Na ufunguo anao nani?"

"Yeye huyo anayengoja."

Dada aliacha kunyofoa. "Huyu ni yule wa pikapu," akasema, na nilishtuka kwa sababu sikuwa nimemwambia. Kisha akapaza sauti, si ya ugomvi, kama anayeitisha chumvi. "Mzee wangu. Huyu dereva wako amelala na ufunguo mfukoni, na umenifanya mimi ndio turnboi wake, wa kuning'inia nyuma ya gari?"

Pazia halikutikisika.

"Mimi nauza mboga pale barabarani," dada akaendelea. "Watu wa hapa wananijua kwa jina. Sina jina lingine la kutumia hilo likichafuka. Toa."

Nilitaka kuinuka niende nje, lakini mlangoni kulikuwa na karai na miguu ya dada, na upande ule mwingine kulikuwa na shemeji. Nilibaki kwenye stuli, laptopu mapajani, nikitazama mstari ule kana kwamba sijawahi kuuona.

Mwishowe alitoka. Alikuwa na alama ya mto shavuni. Hakumtazama dada.

"Sogea," akaniambia. Nilisogea, tukagawana stuli, nusu nusu. "Tuseme umeuliza na hakuna anayekujibu. Utangoja mpaka lini?"

"Sijui. Kidogo tu."

"Kidogo si namba." Akafikiri, akaandika mpaka wa muda. Ukipita bila jibu, programu inarudi na kusema imeshindwa, na ikirudi inaachilia kufuli. Ilikuwa mistari michache. Mikono yake ilikuwa na haraka kama siku zote na mimi nilikuwa nyuma yake nikisoma kwa kidole, nikamwonyesha mahali ambapo ilikuwa inarudi bila kufungua. "Hapo nimepitiwa," akasema, na dada akacheka peke yake na mboga zake.

Tulichomoa waya. Kompyuta ikalalamika, ikaendelea. Tukachomoa tena. Shemeji akarudi juu kabisa ya faili, akafuta jina la dada na kuandika langu, bila kuniuliza. Sikumzuia. Nilikuwa nimesoma.

Faili ilienda, lakini mteja hakujibu kitu Jumatatu ile, wala sijui leo kama tutahama. Jumanne asubuhi shemeji alipata simu ya kwenda kutengeneza mashine mahali fulani, akaweka vifaa mkobani, akavuta grili. Nilisikia kufuli likilia. Kwa kawaida hapo huwa nainamisha kichwa kwenye kazi mpaka nyayo zake zipotee.

"Shemeji," nikasema. Akageuka. Sauti ilinitoka nyembamba. "Ukikawia?"

Alisimama na ufunguo mkononi. Nilidhani atanijibu, lakini aliondoka, na nikazisikia nyayo zake zikienda. Hazikwenda mbali. Zilisimama, kukawa na maneno ya chini, kisha zikashuka ngazi.

Saa nne mama wa wigi alikuja na birika. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kamba shingoni mwake, katikati ya rozari na tepu ya kupimia vichwa.

"Haya, mfungwa. Leo chai ni ya kikombe."

Akafungua, akanipa kikombe kikiwa kimejaa, akaningoja niende chooni na kurudi, akafunga tena.