Kirusi Kilichokula Maneno ya Mama

Mama alipojua kwamba haponi, alikataa katakata watu wamwandikie wasifu wa mazishi. "Mtaandika uongo," alisema. "Mtasema nilikuwa mpole." Akaniita kutoka Kitui, ninakofanya kazi ya ofisi, nije nyumbani Kilungu na kompyuta yangu ili anisimulie maisha yake mwenyewe na mimi niandike. Nikaomba likizo. Kwa siku tisa, kila alasiri baada ya dawa, aliketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, akasema kwa Kikamba. Mimi niliketi mbele yake kwenye stuli, kompyuta mapajani. Kila baada ya muda alinyamaza na kuniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika, mwaitu," nilimjibu. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Alifariki wiki iliyofuata. Sikulia. Kaburini wanawake wa kanisa walinishika huku na huku wakidhani nitaanguka, na nilikuwa nimesimama tu, nikiwaza kama sufuria za kukodi zitatosha. Wengine wakasema nina moyo mgumu. Moyo mgumu ungekuwa afadhali, maana angalau ni kitu. Mimi nilikuwa na ganzi kama mguu uliolaliwa.

Kwetu siku hizi hakuna mazishi bila kijitabu. Lazima jalada liwe la rangi, picha ya marehemu izungukwe na maua, na pembeni wawepo njiwa wawili weupe. Kuna watu Nunguni, mji ulio karibu na kwetu, wanaovitengeneza vizuri kabisa, lakini niling'ang'ania kukitengeneza mwenyewe, nadhani ili mikono yangu iwe na shughuli. Programu ya kuweka maua ilikuwa ya kulipia. Nikaikuta mahali fulani mtandaoni ikitolewa bure. Maelezo yake yalisema: kabla ya kuisakinisha, zima kwanza ulinzi wa kompyuta yako, kwa sababu ulinzi huo utapiga kelele bure. Nikauzima. Mimi, mtu mzima mwenye digrii, nikauzima kwa kidole changu.

Programu ikafunguka. Maua yalipendeza, na njiwa nao. Nikachukua mwanzo wa yale aliyosema mama, nikayabana yaenee ukurasa mmoja, maana kanisa halina muda wa zaidi ya hapo. Watu walikisifu sana kile kijitabu. Aliyelalamika ni mama mkubwa peke yake, dada yake mama, ambaye hajui kusoma. Alikishika, akakipima kwa mkono, akasema, "Hiki ni kifupi. Mdogo wangu alisema siku tisa. Krismasi watoto wote wakija nyumbani, utatusomea yote."

Nikamwahidi, tena mbele ya watu.

Niliporudi Kitui kompyuta ilianza vituko. Feni ilivuma hata kama sijafungua chochote. Nikitafuta jambo mtandaoni, napelekwa kurasa nisizozijua. Alama ya ule ulinzi ilikuwa imetoweka kabisa. Halafu simu zikaanza. Watu wote ninaowafahamu walikuwa wamepata imeili kutoka kwangu: "Asanteni kwa kusimama nasi. Tazameni hapa picha za mazishi." Sikuwa nimeandika kitu kama hicho. Na walikuwa wamefungua, kwa kuwa nani atakataa kufungua ujumbe wa mfiwa? Hata karani wa kanisa alifungua, kwenye kompyuta ya kanisa. Nikawapigia mmoja mmoja kuomba radhi. Walinipa pole tena, kama vile nimefiwa mara ya pili.

Nilijua jambo moja tu: maneno ya mama yalikuwa humo ndani, na hayakuwa kwingine kokote. Jumamosi nikaipeleka kompyuta Nunguni, kwa mama mmoja wa makamo anayeuza mbegu mbele ya duka na kutengeneza kompyuta nyuma. Alinisikiliza akipima maharagwe.

"Nani alikuambia uzime mlinzi?"

"Maelezo."

"Maelezo ya mwizi! Dadangu, virusi vingine huingia kwa dirisha. Huyu wako anaitwa trojani. Wewe umemfungulia mlango na ukampikia chai." Akacheka, kisha akaniuliza, "Na ile programu ya maua, inafanya kazi?"

"Vizuri sana."

"Basi ndiyo hivyo. Anakaa mbele yako akikufanyia ulichotaka, usishuku. Huku nyuma anafanya mambo yake."

Akaniamuru nizime intaneti na nisiguse chochote. Paswadi zote nibadilishe kwa simu, si kwa mashine ile, maana ningeziandika na trojani akizisoma. Dawa ya uhakika, alisema, ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Nikamwambia kuna faili ambalo halina nakala.

"Hata kwa flashi?"

"Hata."

"Aiya! Na wewe umesoma."

Lakini hakulifuta. Kwenye kompyuta yake iliyo safi aliandaa flashi ya kuwashia yangu bila kuamsha mfumo wake, ili mgonjwa akaguliwe akiwa amelala. Ukaguzi ulichukua saa tatu. Nilikaa juu ya gunia nikitazama namba zikipanda, naye akiuza mbegu. Trojani alipatikana mahali patatu. Kwanza ni lile faili nililopakua. La pili lilijipa jina la huduma ya printa, na lilikuwa likijiwasha kila ninapowasha kompyuta, ilhali sijawahi kumiliki printa. La tatu lilijificha kwenye folda ya takataka za muda. Yakaondolewa yote. Kisha akaiwasha kwa namna ambayo vitu vya lazima tu ndivyo vinavyoamka, akanifanya niing'oe ile programu ya maua kwa mkono wangu. Tukapitia orodha ya vinavyojiwasha, tukarudisha ulinzi, tukakagua tena. Safi.

"Sasa tutoe faili lako, tuliweke mahali pawili, halafu bado nitaifuta hii mashine," alisema. "Mimi simwamini mgeni wa aina hii hata akiaga."

"Faili limeguswa?"

"Wapi! Ona tarehe. Hakuna aliyeligusa tangu ulipolihifadhi wewe."

Nikatazama. Ilikuwa tarehe ya alasiri ya tatu kati ya zile tisa.

Nikalifungua. Kurasa nne. Sentensi ya mwisho ilisema: "Mwaka ule wa ukame, baba yenu aliponiacha na watoto, nikaamua". Hata nukta haikuwepo.

Yule mama aliona uso wangu, akatafuta nakala za zamani na mafaili yaliyofichwa, kila mahali. "Hakuna," alisema polepole. "Na trojani huyu hali maandishi, dadangu. Alitaka paswadi tu."

Nilikuwa nimeshakumbuka. Siku ya nne ofisi ilianza kuniandikia: ripoti ya haraka, likizo au si likizo. Nikaunganisha intaneti ya simu, nikawa ninajibu imeili pale pale mbele ya mama. Alisikia vidole vyangu vikibonyeza, akaridhika, akaendelea kusimulia. Umeandika? Nimeandika, mwaitu. Nilijua kuna siku mbili tatu nilirukaruka, nikajiambia nitamwomba arudie. Sikujua ni siku sita. Katika alasiri hizo sita nimebaki na gauni la buluu, mbuzi aliyeingia kanisani, na jina la mtoto ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa nyumbani kwetu. Hata jina hilo nakumbuka linavyoanza tu.

Nilijaribu kulia pale kwenye gunia. Machozi hayakuja. Nikamwambia afute mashine.

Krismasi tulijaa nyumbani. Mama mkubwa aliketi kwenye kile kiti cha plastiki, akajifunga leso vizuri kama anayengoja mahubiri. Nikasoma zile kurasa nne kwa sauti. Watu walicheka mahali pa kucheka. Nilipofika kwenye "nikaamua" nikanyamaza.

"Akaamua nini?" mama mkubwa aliuliza.

Wote walinitazama.

"Kirusi kilikula," nikasema. "Kilikula yote yaliyobaki."

Akanyoosha mkono, akaushika wangu. "Pole, mwanangu. Na vile ulikaa naye siku zote tisa ukiandika."

Tangu siku hiyo, kila ibada ya nyumbani, humwombea mtu aliyetengeneza kile kirusi, Mungu amguse moyo arudishe maneno ya mdogo wake. Huomba kwa Kikamba, kwa sauti, machozi yakimtoka. Nikiwepo huniweka karibu naye. Nafumba macho, nasema amina.