Kidonda Kilichosindikiza Wageni

Kidonda changu kilianza na kokoto moja. Iliingia kwenye kiatu nikiwa msibani Buhongwa, nami nikatembea nayo siku nzima bila kujua. Sukari ya miaka mingi huua hisia za nyayo. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma, hata makala nimewahi kuliandikia, na bado jioni ile nilivua kiatu nikashangaa kuona soksi imelowa damu.

Miezi saba baadaye kilikuwa bado kipo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, ukubwa wa kizibo cha soda. Nilikuwa nimekipaka asali, nimekiosha kwa maji ya chumvi, nimekinyunyizia unga wa kapsuli, yaani kila kitu nilichoshauriwa na watu wasio na kidonda. Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza, akanipeleka kliniki ya vidonda sugu.

Kliniki hiyo hufanyika kila Alhamisi katika chumba kidogo chenye dirisha linaloonyesha kipande cha ziwa. Anayeiendesha ni muuguzi wa makamo ambaye nimemzidi miaka michache, kwa hiyo kila Alhamisi alinipa shikamoo kwanza, kisha akanisema, mimi mwalimu, kama mwanafunzi mtoro. Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Alichonga kwa kisu chembamba ngozi ngumu iliyokuwa imezunguka kidonda, mpaka damu safi ionekane, nami sikuhisi kitu. Tuliongea habari za mvua huku akinikata. Halafu aliweka juu yake karatasi laini ya plastiki inayopitisha mwanga, akafuatisha ukingo wa kidonda kwa kalamu, akaandika tarehe na kuiweka kwenye faili. Mwisho alinifunga plasta ngumu hadi chini ya goti, ile ambayo watu huiita hogo, kama mtu aliyevunjika mfupa.

"Dawa yako si hii ninayoipaka juu," aliniambia. "Dawa ni uzito ninaouondoa pale chini. Kitandani, chooni, kwenye kiti. Basi."

Nilimwahidi. Kuahidi ni fani ninayoimudu.

Alhamisi ya tano alizishika karatasi zote pamoja mbele ya dirisha. Mistari ilikaa mmoja juu ya mwingine, kama imechorwa siku moja. Daktari aliitwa. Alisema kwa upole kwamba kama wiki mbili zitapita hivyo hivyo, watapiga picha ya mfupa, na tutaanza kuzungumza juu ya kuondoa kidole kabla ubaya haujapanda mguuni. Alipotoka, muuguzi aliniuliza kama natembea.

"Sitembei, sista."

Aliliokota hogo la wiki iliyopita alilokuwa amenivua, akaligeuza kama fundi viatu. Chini lilikuwa limelika, na vumbi jekundu la changarawe limeingia ndani ya plasta.

"Mwalimu," alisema, "hili hogo limefika Igogo likarudi."

Akanitaka nimsimulie siku ya jana, saa kwa saa. Nikasimulia: chai, redio, kuandika kidogo, wageni. Wageni wangapi? Wanne. Na walipoondoka? Nikamjibu, bila aibu yoyote, kwamba niliwasindikiza hadi kwenye lami.

Naapa kwamba sikuwa namdanganya. Sikuwahi kuhesabu kwamba kumsindikiza mgeni ni kutembea. Mimi ni Msukuma na mke wangu ni Mhaya, na kuna mengi wazee wetu wasingekubaliana, lakini hili walikubaliana: mgeni haachwi mlangoni. Tena mgeni wetu hukaa saa nzima na soda yake akizungumzia bei ya sato, na lile jambo hasa lililomleta hulisema njiani, mkiwa wawili. Nyumba yetu ya Pasiansi iko juu, kwenye mawe. Lami iko chini. Wanne kwa siku, kushuka na kupanda.

"Kwa hiyo hao wanaokuja kukupa pole ya mguu," alisema muuguzi, "ndio wanaoumaliza mguu."

Niliporudi nyumbani niliandika tangazo la kubandika getini. Mke wangu alisoma rasimu ya tatu akasema linafanana na onyo la watu wa maji, akalikunja. Tukakubaliana kwamba yeye atasindikiza, mimi nitakaa.

Kwa majirani iliwezekana. Kisha akaja baba mkwe, kwa meli kutoka Bukoba. Alikaa nasi siku mbili, akaniuliza habari za kazi na za serikali. Asubuhi ya kuondoka alivaa kofia yake, akasimama mlangoni, akangoja. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwacha asimame hivyo. Miguu yangu ilikwisha kujikusanya chini ya kiti, yenyewe.

"Baba, unisamehe," nilisema. "Leo sikusindikizi. Nikikusindikiza wataniondoa kidole."

Aliliangalia hogo.

"Kimoja tu?"

"Wanaanza na kimoja."

Akavua kofia, akarudi kukaa, na hapo sebuleni, mbele ya binti yake, akasema lile ambalo angelisema njiani. "Nilimwozesha huyu kwa mtu mwenye vidole kumi. Nimekuja kuona kama bado ni kumi. Kaa hapo hapo." Kisha akaondoka na mke wangu, nami nikawasikiliza wakishuka polepole, wakizungumza Kihaya, hadi nisiwasikie tena.

Alhamisi iliyofuata mstari mpya ulikaa ndani ya ule wa zamani, umeachana nao kwa upana wa punje ya mchele. Daktari hakurudia habari ya mfupa. Kidonda kilifunga baada ya majuma mengine kumi na moja, na kidole ninacho, ingawa mtaani kuna mzee mmoja aliyeacha kuja kwangu. Anasema usomi umenipanda kichwani, siku hizi naagana na watu nikiwa nimekaa. Mke wangu alitaka kwenda kumweleza habari za kidonda. Nilimwomba aache, kwa sababu kuhusu kichwa mzee yule hakukosea sana: usomi wangu wa vidonda ulikaa huko huko juu, haukuwahi kushuka mguuni.