Njia Niliyoipima Jumapili

Mwanangu, iko asubuhi moja ya Kakuma ambayo mpaka leo nikiikumbuka, mkono wangu unatafuta breki hata kama nimekaa kitini. Nimekuwa nikiifikiria tangu juzi, uliponiambia umepewa kazi ya kuchagua njia za watoto wanaokwenda shule kwa miguu na kwa baiskeli, kutoka huku kwetu Nawoitorong hadi Lodwar mjini. Ulinionyesha mistari mitatu kwenye ramani ya simu, ukasema kazi imebaki kidogo tu. Nilifumba macho, nawe ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Niliogopa.

Nilikuwa mwalimu kijana, mgeni pale Kakuma, mwenye baiskeli nyeusi niliyoipenda kupita kiasi. Wakati huo malori ya chakula yalipita mfululizo kuelekea Lokichoggio, na watoto wetu wa ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga ambao hukaa mkavu karibu mwaka mzima, walikuja shule wakifuata ukingo wa lami. Siku moja lori liliwapita karibu sana, upepo wake ukaangusha wawili. Mwalimu mkuu akaniita.

"Wewe una baiskeli," akasema. "Watafutie hawa watoto njia nyingine."

Nilifurahi, sikufichi. Jumapili baada ya ibada nikatoka, na sikukawia kupata njia nzuri. Ilishuka nyuma ya maduka, ikakata laga mahali ambapo kingo ni fupi, ikapenya kwenye vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba, na kutokea nyuma ya shule. Kivuli kilikuwepo, kimya kilikuwepo, gari sikuona hata moja. Nikaenda na kurudi mara moja, nikaona inatosha. Jioni nikazunguka kwa wazazi kuwaambia watoto wapite kule. Mama yake Akai, msichana wa darasa la tatu, aliniuliza kama nina hakika.

"Mama, nimepita mwenyewe," nikamjibu.

Kesho yake nikasimama langoni kuwapokea. Upepo wetu wa asubuhi, huo unaoujua, ulikuwa umeamka na vumbi lake. Kengele ikalia. Watoto wa upande wa mjini wakaingia wote. Wale wa laga walikuwa saba, na hakufika hata mmoja. Nikajiambia wanasubiri uji. Nikajiambia upepo umewazuia. Kila sababu niliyojipa ilinituliza kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka zikaniishia, nikachukua baiskeli bila kumuaga mtu.

Kwenye laga nilikuta alama mpya za magurudumu makubwa, pale pale nilipowaambia watoto wavukie. Nikaona ndala moja. Mbele kidogo nikaona daftari chini, upepo ukilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Niliita majina yao, sauti yangu isifike popote. Mwanangu, nimezika watu wangu wengi tangu siku ile, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nimeshika ile ndala, nikijaribu kukumbuka nani huvaa ya rangi ile.

Ndipo nikasikia mtoto analia nyuma ya mathenge. Kulikuwa na boma la bibi mmoja muuza makaa, Ata Nakiru. Ata, yaani bibi, ndivyo watoto walivyomwita. Watoto sita walikuwa wamekaa wamebanana ukutani. Wa saba, Akai, alilala kwenye ngozi, mguu umefungwa vijiti na kitambaa. Lori la kuchota mchanga lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwenye laga, dereva haoni kwa vumbi na vichaka. Watoto wakatawanyika, na Akai akatumbukia kwenye shimo la wachimba mchanga. Dereva aliondoka bila hata kujua.

Yule bibi hakunipigia kelele. Laiti angenipigia.

"Ejok, mwalimu," akanisalimia. "Ni wewe umewaambia wapite hapa?"

"Ni mimi, ata."

"Wewe ulipita siku gani?"

"Jana."

"Jana Jumapili. Lori ya mchanga haikuji Jumapili." Aliendelea kumpepea Akai. "Mimi napita hapa kila siku na gunia ya makaa. Jana ulinikuta kwa njia. Kuniuliza, haukuniuliza."

Ni kweli nilimkuta. Nilimpigia kengele ya baiskeli ili anipishe.

Nilitaka kumpakia Akai nikate laga moja kwa moja hadi hospitali, maana ndiko karibu. Deng, fundi wa baiskeli kutoka kambini, mkimbizi aliyetoka Sudan, alikuwa amefika kununua makaa. Alishika usukani wangu.

"Mwalimu, kwa mchanga utaanguka na yeye," akasema. "Twende huku juu, ardhi ni ngumu. Ni mbali, lakini tutafika."

Tukamkalisha kwenye karia ya baiskeli, Deng akaushikilia ule mguu, mimi nikasukuma. Akai hakulia. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu. "Mwalimu, nitaandikwa nimechelewa?"

Nikaendelea kusukuma baiskeli.

Mguu uliunga, lakini haukunyooka vizuri. Leo Akai ni mama wa watu, ana duka lake kule Lokori, na tukikutana ananisalimia kwa heshima zote. Namtazama anavyotembea nikidhani haoni kwamba namtazama. Mama yake aliniambia maneno matatu tu, "Ulisema umepita mwenyewe," na hakuyarudia tena.

Baada ya hapo niliiacha baiskeli ukutani. Wiki mbili nilitembea na Ata Nakiru saa ile ile ya watoto. Alinionyesha malori yanapogeukia, mbwa wakali wanapofunguliwa, na mahali ambapo maji ya laga, ya mvua iliyonyesha mbali, hufika ghafla wakati kwetu mbingu ni nyeupe. Deng alipanda baiskeli akanionyesha ardhi inayobeba gurudumu na miiba inayotoa pancha. Njia tuliyoipata ilikuwa ndefu, na bado ilikata lami mahali pamoja, kwa hiyo mzazi mmoja alisimama pale kila asubuhi. Watoto walinung'unika kwamba wanachoka. Niliwaacha wanung'unike.

Sasa sikiliza. Simu yako iweke mfukoni kwanza. Pita siku ya shule, pita siku ya soko, pita siku ya vumbi, kwa saa ambayo mtoto atapita. Bodaboda wa hapa hawakimbii sawa asubuhi na mchana. Waulize wanaopita kila siku, hasa wale waliobeba mizigo kichwani, na ushuke kwenye baiskeli unapowauliza. Usidhani njia ya miguu inafaa baiskeli. Na ukigundua umekosea, rudi kwa wazazi siku hiyo hiyo, usingoje mkutano. Usiseme njia ni salama kwa sababu wewe ulipita ukafika. Mimi nilifika.

Haya, nenda. Akuj, Mungu wetu, akutangulie, akupe masikio ya kusikia wazee na miguu isiyochoka haraka, na kila mtoto utakayemwonyesha njia arudi kwa mama yake akiwa na vumbi tu miguuni.