Nilimtia Mama Ndani ya Chuma cha Fundi

Siku ile tulikuwepo mimi mkosaji, mdogo wangu Furaha, Fundi Nestori mwenye vyuma vyake, na mama mmoja wa kambi ya jeshi ya Makenke, mke wa mwanajeshi, aliyekuja na wenzake wa kanisani. Nawataja wote ili nisije nikamsingizia mwingine. Kosa ni langu.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani, na Furaha huniita Yaya, yaani mkubwa wake. Wazazi hawapo, shule niliiacha mapema, na hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kazi yangu ni kumshikia Fundi vyuma anapochomelea. Ni Mrundi wa maneno machache. Anatengeneza milango na mbabula, yaani majiko ya mkaa. Akipata nafasi, anaunganisha springi, minyororo ya baiskeli na majembe yaliyokatika, kinatokea kitu kirefu kilichojipinda, si mtu wala mnyama. Ukimuuliza ni nini, anasema, "Ni chuma. Kitazame."

Jumba moja la makumbusho kule Mbarara likakubali kuonyesha kimoja. Tukakipakia kwenye lori la ndizi, na Furaha naye akaja auone mji. Fundi alipotoka kwenda kula, aliniambia nilinde tu, nisieleze chochote.

Nisieleze! Mimi niliyekulia kambini, ambako kila mgeni mwenye kalamu anataka kujua ulikimbiaje, nawe unajua hasa pa kushusha sauti!

Mzee wa kwanza kuuliza nilimwambia ni ng'ombe wa Isingiro, wale wa pembe ndefu, anazaa. Akazunguka kutafuta pembe, na kweli akaziona! Nikanogewa. Mama wa Makenke alipouliza, nikashusha sauti. Nikasema huyu ni mama yangu, aliyefia njiani tukikimbia kutoka Kivu, na mnyororo ule ni mkono wake ulionishika.

Mama yangu alifia kitandani, kwa homa, kabla hatujaondoka.

Yule mama akalia. Akaita wenzake, nikarudia. Safari hii niliongeza mvua. Msimamizi wa jumba naye akasikia, akabandika jina: "Mama Njiani".

Fundi alirudi na chapati mkononi, akakuta watu wanajifuta machozi mbele ya kazi yake. Mmoja akamkumbatia, akampa pole.

Hakunifokea. Alinivuta nje.

"Kila siku mimi ni mkimbizi," akasema. "Nilitaka mara moja tu watu watazame kazi yangu bila kunihurumia. Wewe umewafanya watoe leso. Utarudi uwaambie hakuna mama humo."

Nikaahidi. Nikaingia kumchukua Furaha, ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa. Mama alimwacha mchanga, na hatuna picha hata moja. Nilimkuta anapapasa ule mnyororo, taratibu.

"Yaya, mukono ya mama ni hii? Juu ya nini hukuniambiaka?"

Nikasema ndiyo. Ole wangu, nikasema ndiyo!

Ndugu zangu, kama mna ulimi mtamu, msiufungulie kwenye kazi ya mwenzenu, na marehemu wenu waacheni walipolala. Mimi uongo wangu sasa una mwenyewe, na ni mtoto.

Maonyesho hayajafungwa. Furaha ananisumbua twende tena kumwona Mama. Nikisema ukweli, namfisha Mama mara ya pili. Nikinyamaza, Fundi hana chuma chake.

Bado ananipa vyuma nimshikie, ila hatuongei kama zamani. Anainua miwani yake ya kuchomelea, ananiuliza neno moja tu: "Umekwenda?"

"Bado, Fundi."